Ushahidi Kwamba Bibi Orlena Alizaliwa

Jumatatu, 16 Aprili 2007

Mwezi wa tatu katika Ofisi ya Huduma za Familia, Kaunti ya Dunmore. Umri: miaka ishirini na mitatu. Elimu: Shahada ya Utawala wa Umma, kwa heshima. Nimeitundika juu ya dawati langu. Mkurugenzi wetu, Bi. Hargis, ameomba niishushe kwa sababu imeziba swichi ya taa. Nimeisogeza kidogo. Sasa taa inawashwa kwa rula.

Leo Bi. Hargis ametangaza kwamba atateua Mratibu wa Uthibitisho wa Uraia. Cheo kipya. Kimeletwa na sheria ya mwaka jana, inayomtaka kila raia anayeomba au kuhuisha bima ya afya ya umma athibitishe kwa hati kwamba ni raia. Zamani mtu alitia sahihi tu, akaaminiwa. Enzi ya kuaminiana imepita. Nimefurahi.

Wagombea ni wawili: mimi na Corbin Tackett. Corbin ana stashahada ya miaka miwili na pikapu yenye mbwa. Wateja humwita "Corbin wetu". Kitaaluma, hiyo ni dalili ya usimamizi dhaifu.

Mkaguzi wa jimbo anakuja Ijumaa ya tarehe 27. Nitamkabidhi faili la mfano: mteja mmoja, ushahidi wa kila aina, jalada gumu. Mteja ninaye. Tunaishi nyumba moja.

Bibi Orlena Napier ni dada wa bibi yangu mzaa baba. Nimepanga chumba chake cha juu tangu nilipotoka chuoni. Ana miaka sitini na miwili na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Daktari wa Lexington amempangia upasuaji wa jicho la kushoto Jumatatu ya tarehe 30. Akikosa siku hiyo, zamu inayofuata ni Oktoba, na daktari ameandika wazi kwamba jicho hilo haliwezi kungoja Oktoba. Bima yake inapaswa kuhuishwa kabla ya hapo. Hana cheti cha kuzaliwa. Hana pasipoti. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Cincinnati, mji wa jimbo jirani, akarudi siku hiyo hiyo kwa sababu hakupenda maji yao.

Kikwazo kimoja. Kanuni inamkataza mtumishi kushughulikia faili la ndugu yake. Ikifuatwa kikamilifu katika kaunti hii, itabidi tufunge ofisi. Hata hivyo Bi. Hargis ameifuata leo, na faili la Bibi amepewa Corbin.

Jumanne, 17 Aprili

Nimemwuliza Corbin anakusudia kutegemea ushahidi wa daraja gani. Mwongozo wa Julai una madaraja manne na nimeyakariri. Amenijibu, "Kaka, mwambie Bibi apite hapa siku yoyote. Tutaongea, tutamaliza." Kisha akampa mbwa biskuti kupitia dirisha.

Kuongea. Jicho la mtu liko hatarini, naye anataka kuongea. Sikufikisha ujumbe huo.

Jioni: maharage, mkate wa mahindi, vitunguu vibichi. Nimefungua daftari na kumhoji Bibi kuhusu kuzaliwa kwake. Amesema alizaliwa nyumbani, juu kabisa ya kijito cha Lost Branch, tarehe 9 Machi 1945, mvua ikinyesha. Mkunga alikuwa mama mmoja aitwaye Tempie. Tempie alipaswa kupeleka karatasi mahakamani, lakini kijito kilifurika siku tisa. Maji yalipopungua alikuwa amezalisha wengine watatu, na karatasi alizozipeleka zilikuwa mbili.

Nimemweleza kwamba, kwa mtazamo wa sheria, kuzaliwa kwake bado ni dhana. Ameniuliza, kama hakuzaliwa, maharage haya yamepikwa na nani. Nimeandika hoja hiyo pembeni. Haikubaliki.

Alhamisi, 19 Aprili

Biblia ya ukoo. Mwongozo unakubali kumbukumbu za ukoo zikiwa zimeandikwa karibu na wakati wa tukio. Bibi ameitoa chini ya kitanda. Katikati yake kuna ukurasa wa vizazi, na jina lake ni la saba. Nimehisi kile wanachokihisi wanaakiolojia.

Kisha nimeona kwamba majina yote kumi na moja, kuanzia mwaka 1899, yameandikwa kwa mwandiko mmoja na kalamu moja ya wino wa kijani. Bibi ameeleza kwa utulivu kwamba Biblia ya kwanza iliungua pamoja na jiko mwaka 1971, dada yake Icie akayaandika upya kwa kumbukumbu. Nimeuliza kama Icie alikuwa na kumbukumbu nzuri. Amesema hapana, hata mume wake wa kwanza Icie alikuwa amemsahau kabisa.

Nimefikiria kuuzeesha ukurasa kwa chai. Wazo hilo nimeliacha kwa sababu za kimaadili, na pia kwa sababu Bibi aliuliza chai yake imekwenda wapi.

Jirani yetu, Bi. Versie Stamper, alikuja kucheza Rook. Huo ndio mchezo pekee wa karata unaovumiliwa na wazee wa kanisa letu, maana karata zake hazina wafalme wala malkia. Bibi alimfunga Versie kila wiki kwa miaka ishirini. Tangu macho yazibe, Versie hushinda. Leo ameshinda mara tano, na kila mara alimwambia, "Pole, shoga, bahati haina mwenyewe." Bibi alizishika karata zake mbele ya pua. Baadaye, akiosha vyombo, alisema anaweza kuvumilia kutouona mlima, lakini si kutouona uso wa Versie anapodanganya.

Jumamosi, 21 Aprili

Hati za kiapo. Daraja la nne, la mwisho, lakini faili la mfano halibagui. Zinatakiwa mbili, kutoka kwa watu wanaofahamu tukio lenyewe. Angalau mmoja asiwe ndugu. Na mashahidi wenyewe sharti wathibitishe uraia wao.

Waliokuwa hai mwaka 1945 na bado wanakumbuka jambo ni watatu. Wawili ni ndugu zetu. Wa tatu ni Mzee Arvil Sizemore, miaka themanini na mitatu, ambaye usiku ule alimshika nyumbu wa mkunga. Nimepanda hadi kwake kwa miguu, saa moja na nusu, nikiwa na tai.

Alikumbuka kila kitu. Alikumbuka mvua, nyumbu, jina la nyumbu, na kwamba nyumbu alimng'ata. Nilikuwa karibu kulia kwa furaha. Nikamwomba uthibitisho wa uraia wake. Alinitazama kuanzia tai hadi viatu. Akasema waliompeleka Ujerumani kupigwa risasi mwaka 1944, wakamrudisha nyumbani kabla ya usiku ule, hawakumwuliza cheti, na kwamba kama nahitaji ushahidi risasi bado iko nyongani, niende na kisu changu mwenyewe.

Nilipokuwa nashuka aliniita. Akaniuliza bibi yangu mzaa baba ni nani. Nikamtajia. Akacheka hadi akakohoa. Kumbe mama yake yeye na mama wa baba yake Bibi walizaliwa tumbo moja. "Sisi sote hapa ni ndugu, kijana. Asiye ndugu yako ni yule nyumbu."

Nimerudi na malengelenge.

Jumapili, 22 Aprili

Nimepata. Nimepata bila kutafuta, kama wagunduzi wakubwa.

Baada ya ibada Bibi aliomba nimpeleke makaburini akamsalimie marehemu mume wake, Delbert, aliyefariki mwaka 1998. Jiwe lao ni la watu wawili, kama ilivyo desturi: mmoja akifa, wote wawili huchongwa, na aliyebaki huachiwa nafasi. Upande wa kushoto, Delbert. Upande wa kulia, kwa herufi za kina: ORLENA, 9 MACHI 1945, kisha mstari mfupi, kisha jiwe tupu.

Mwongozo unasema ushahidi wa daraja la tatu uwe umetengenezwa angalau miaka mitano kabla ya maombi. Jiwe lina miaka tisa. Liko hadharani. Halifutiki. Nimeuliza kama kuna aliyewahi kulipinga. Bibi amesema ni Delbert tu, walipolichagua kabla hajafa alitaka la rangi ya kijivu.

Nimepiga picha sita. Maua ya plastiki ya mwaka jana yalikuwa yameegemea ule upande mtupu. Nimeyaacha kwa ajili ya mvuto wa picha.

Jumatatu, 23 Aprili

Saa sita mchana Corbin huenda kula kwa Hobart, ng'ambo ya barabara. Hafungi kompyuta yake. Ni kosa la kiusalama ambalo nitalitaja wakati mwafaka.

Sikushughulikia faili la ndugu yangu. Niliweka tu kiambatisho ndani ya faili lililokuwa limefunguliwa na mwenzangu. Tofauti hiyo ni ya msingi.

Mfumo hudai kila hati ipewe aina. Nilipitia orodha yote. Kuhusu makaburi kulikuwa na kipengele kimoja tu: "Kumbukumbu ya kaburi." Nikakichagua. Nikaambatisha picha iliyo bora. Kompyuta ikauliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika kuhusu jiwe. Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena, kwa herufi nyekundu. Mifumo mizuri huuliza mara mbili. Nikabonyeza ndiyo.

Corbin aliporudi alisema kiti chake kina joto. Nikasema ni majira ya kuchipua.

Jumatano, 25 Aprili

Faili la mfano limekamilika: kurasa arobaini na moja, jedwali la yaliyomo, picha sita za jiwe, ramani ya kijito iliyochorwa kwa mkono, maelezo ya Mzee Arvil (bila kiapo, bila sahihi, nimeondoa habari za nyonga), na utangulizi wangu wenye kichwa "Kuelekea Nadharia ya Kuzaliwa". Nimelifunga kwa utepe wa buluu.

Corbin ameniuliza tena kama nilimwambia Bibi apite. Nimesema Bibi ana shughuli nyingi. Amesema basi atampigia simu kesho. Nimemsihi asijisumbue, simu ya Bibi ni mbovu. Hilo si kweli, lakini ni ya zamani.

Bibi ana hamu kubwa. Jioni aliniomba nimpangie karata za Rook mezani, akazipapasa moja moja. Alisema Jumatatu jioni atakuwa na jicho moja na hilo linamtosha Versie.

Alhamisi, 26 Aprili

Siku ngumu.

Saa nne asubuhi Bibi amepiga simu ofisini. Posta imeleta barua kutoka kwetu. Versie alimsomea. Barua imeandikwa "Kwa Warithi wa Marehemu Orlena Napier". Inawapa pole na kuwajulisha kwamba bima yake imefungwa kuanzia tarehe 23 Aprili, sababu ikiwa kifo.

Amenieleza kwamba Versie alikunja barua, akamshika mkono, akamwambia, "Shoga, umekufa tangu Jumatatu." Naye akajibu kumbe ndiyo maana karata zake zimekuwa mbaya.

Nilicheka kidogo kuonyesha kwamba mambo yako chini ya udhibiti. Bibi hakucheka. Alisema mfamasia amekataa kumpa matone ya macho. Matone hayo lazima yaanze kesho, siku tatu kabla ya upasuaji, la sivyo daktari hamgusi. Mfamasia alitazama kompyuta, akamtazama Bibi, akasema anasikitika, hawezi kumpa dawa marehemu, hata marehemu anayemfahamu tangu utotoni.

Kisha sauti yake ikawa ndogo. Aliniuliza, "Lowell, hili jicho nitalipata au silipati? Niambie tu, nijipange." Nikasema atalipata. Sikujua kwa njia gani.

Nilikwenda mahakamani kuomba cheti kwamba Bibi hajafa. Karani, binamu yangu Zella, amesema hawatoi cheti hicho. Wanatoa cheti kwa waliokufa tu, na kwa Bibi hawana ombi. Nikamwomba aandike hivyo. Akasema angeandika hivyo kwa watu wote wa kaunti, angechelewa chakula.

Nilijaribu kubadilisha aina ya hati katika kompyuta ya Corbin. Mfumo unaruhusu mtu kufa kwa kubonyeza mara mbili. Haumruhusu kurudi hata kwa kubonyeza mara mia. Nilihesabu.

Nilipofika nyumbani barazani kulikuwa na masufuria tisa. Habari ilikuwa imefika kanisani. Kwetu mtu akifa wanawake huleta chakula kabla ya machozi, na chakula kilifika kabla ya msiba kukanushwa. Kuku, viazi vya mayonezi, maharage, keki mbili. Kila mama alimkuta marehemu mlangoni, akashtuka, akamkabidhi sufuria hivyo hivyo. Bibi alikuwa ameketi akila viazi vya msiba wake mwenyewe. Alisema vya Lottie Begley havina chumvi, na kwamba atakapokufa kweli Lottie asiombwe.

Lakini alikula kidogo. Aliishika barua mapajani muda wote, akiisogeza karibu na jicho, kana kwamba ingeweza kubadilika.

Ijumaa, 27 Aprili

Naandika kwa mpangilio ili ukweli usipotee.

Saa mbili: Bi. Hargis ametuita. Mfumo unaonyesha kwamba aliyemwua Bibi Orlena ni Corbin Tackett, Jumatatu, saa sita na dakika kumi na nane. Ametutazama mmoja mmoja. Nilitafakari maana pana ya ukimya. Corbin amesema kwa upole kwamba saa hiyo alikuwa kwa Hobart akila ini na vitunguu, na walimwona watu ishirini, akiwemo mama yake Bi. Hargis. Bi. Hargis akasema ndiyo, mama alimwambia. Kisha wote wawili wakanitazama. Nikaeleza kuhusu jiwe. Nilieleza vizuri. Nilipofika kwenye maua ya plastiki, Bi. Hargis alivua miwani na kufunika uso.

Saa tatu: mkaguzi amewasili. Bi. Pruitt, mwanamke mfupi, koti la mvua, kalamu tatu. Nilikuwa najiandaa kumkabidhi faili la mfano mlango ulipofunguka tena.

Bibi Orlena. Koti la kanisani, kofia, ameshikwa mkono na Versie. Hakunitazama. Labda hakuniona. Aliuliza kwa sauti iliyosikika chumba kizima, "Corbin wetu yuko wapi?"

Corbin aliinuka, akamvutia kiti, akampa pole kwa msiba. Bibi akasema ameshapoa. Mkaguzi aliacha kufungua mkoba wake.

Nilisogea na faili. Nikaanza kusoma utangulizi. Corbin aliniomba radhi, akamgeukia Bibi na kumwuliza swali moja: ile hundi anayoipata kila mwezi inatoka wapi. Bibi akasema ni ya serikali kuu, ya ulemavu, kwa ajili ya mgongo alioumia katika kiwanda cha mashati. Anaipata mwaka wa pili sasa. Barua yake anayo, ipo mkobani.

Corbin akavuta karatasi moja kutoka droo. Waraka wa Desemba. Umesema kwamba anayelipwa pensheni ya ulemavu na serikali kuu hadaiwi uthibitisho wowote wa uraia. Wowote. Serikali kuu imeshajiridhisha.

Mimi husoma miongozo. Nyaraka hizo za ukurasa mmoja nilikuwa nikizichukulia kama matangazo.

Ikabaki kumfufua. Mkaguzi mwenyewe alipiga simu makao makuu. Dakika thelathini na tano. Mtu wa upande wa pili alisisitiza azungumze na mwakilishi wa marehemu. Bi. Pruitt akampa Bibi simu. Bibi akasema, "Ni mimi mwenyewe marehemu. Fanya haraka, mwanangu, mwenzangu ana miguu mibovu na nimemwacha amesimama." Halafu nikasikia hata kutoka nilipokuwa nimesimama mtu akicheka huko mjini, na vitufe vikibonyezwa.

Saa tano na robo Bibi alikuwa hai na ana bima. Versie alilia. Bibi akamwambia aache, atamharibia kofia. Saa sita mfamasia alimpa matone.

Kabla hawajaondoka Bibi alisimama mbele ya dawati langu. Alinyoosha mkono akagusa faili, akapima unene wake kwa vidole. Aliuliza kama kazi yote hii nilimfanyia yeye. Nikasema ndiyo. Akanipapasa shavu, akasema nisichelewe, keki ya msiba inakauka. Nilifungua na kufunga ule utepe wa buluu mara mbili, macho yakiniwasha. Pengine ni vumbi la majalada.

Alasiri Bi. Pruitt aliliomba faili la mfano. Alilisoma lote akiwa amesimama, pamoja na ramani. Aliuliza ni nani aliyeliandaa. Nikasimama. Alisema katika miaka kumi na tisa ya kazi hajawahi kuona kitu kama hiki. Aliomba nakala awaonyeshe wenzake.

Nimemtolea mbili.

Jumatatu, 30 Aprili

Lexington. Versie aliendesha gari, Bibi mbele, mimi nyuma na faili, iwapo lingehitajika. Mapokezi waliomba kadi ya bima tu. Niliwaonyesha faili. Waliomba kadi.

Upasuaji ulichukua dakika ishirini. Nje ya chumba kile Versie alinishika mkono, akaushika hadi mlango ulipofunguliwa. Bibi alitoka na kitambaa jichoni, akauliza kama kuna mtu amemletea kahawa.

Jumatano, 2 Mei

Kitambaa kilitolewa jana. Bibi alisimama barazani akautazama mlima muda mrefu. Kisha akageuka, akanitazama mimi. Alisema nimekonda, na akauliza kama shati hili nimekuwa nikilivaa hivi siku zote.

Jioni walicheza Rook. Mchezo wa tatu Bibi aliweka karata zake mezani kwa upole, akamwomba Versie anyanyuke kidogo. Chini ya paja lake kulikuwa na karata mbili. Versie akasema hata yeye anashangaa. Bibi akamwambia anamkumbuka sana shoga yake aliyekuwa haonekani. Walicheka hadi Versie akaenda kunywa maji.

Leo Bi. Hargis amemteua Corbin kuwa Mratibu. Mimi nitakaa naye mwezi mmoja "kujifunza". Nadhani amekusudia tujifunze sote wawili. Corbin amenikaribisha, akanipa droo ya chini na biskuti ya kumpa mbwa. Sina kinyongo. Historia haitegemei vyeo.

Na kazi imeshapatikana. Nilipokuwa narudi nyumbani Versie alinisimamisha uani. Bima yake nayo inahuishwa mwezi Juni, na kwa bahati yeye alizaliwa hospitali. Alinionyesha cheti chake halisi cha kuzaliwa: muhuri, sahihi ya daktari, kila kitu. Aliuliza kama kinatosha.

Nilimweleza kwamba hati moja, hata iwe safi namna gani, haina ya kuiunga mkono. Tukio la wiki iliyopita limetufunza hatari ya kutegemea karatasi pekee. Nimemwomba aniachie. Nimeituma leo makao makuu ya jimbo ikahakikiwe, nakala halisi, pamoja na barua yangu ya kurasa tisa. Wanasema uhakiki huchukua wiki kumi na mbili. Sikuchukua risiti, posta walikuwa wanafunga. Wakati huo nitamkusanyia ushahidi wa aina nyingine saba.

Amenishukuru sana. Goti lake linafanyiwa upasuaji tarehe 11 Juni.